Kurudi na Kuamua: Wanawake Waliorejea kutoka Kazi za Ndani Uarabuni na Nafasi Yao katika Jamii za Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Wanawake wengi wa Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya wamesafiri kwenda Oman, Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu na nchi jirani kufanya kazi za ndani, na mjadala wa hadhara juu yao umeelemea pande mbili. Upande mmoja huwahesabu kuwa chanzo cha fedha za kigeni, na wa pili huwatazama kuwa wahanga wa mateso. Kila upande una ukweli wake, lakini zote mbili huishia uwanja wa ndege, kana kwamba maisha ya mwanamke huyo hukoma siku anaporudi. Mada hii ya semina inaanzia hapo. Hoja yake kuu ni kwamba uwezo wa mwanamke aliyerejea haupimwi kwa kiasi cha fedha alichokuja nacho, bali kwa mamlaka aliyonayo ya kuamua fedha hizo na maarifa hayo yatumikeje, na kwamba mamlaka hayo hujengeka kwa uthabiti zaidi ndani ya kikundi kuliko kwa mtu mmoja mmoja.

2. Ufafanuzi wa istilahi

Istilahi tatu zinahitaji kufafanuliwa. Ya kwanza ni kafala, neno la Kiarabu lenye maana ya dhamana, ambalo hapa linataja utaratibu unaofunga kibali cha ukaazi cha mfanyakazi kwa mwajiri anayemdhamini, hata ikawa vigumu kwake kuacha kazi bila kupoteza haki ya kuishi nchini humo. Saudi Arabia ililegeza baadhi ya masharti hayo mwezi Machi 2021, lakini wafanyakazi wa ndani hawakuhusishwa katika mageuzi hayo. Ya pili ni kujumuika upya, yaani mchakato wa mrejeaji kupata tena nafasi yake kiuchumi, kijamii na kisaikolojia, jambo ambalo Mkataba wa Kimataifa kuhusu Uhamaji uliopitishwa Marrakech mwaka 2018 umeliweka katika lengo lake la 21. Ya tatu ni uwezeshaji, ambao katika mada hii una maana ya mtu kuongeza uwezo wake wa kuchagua na kutekeleza alichochagua, wala si kupewa msaada tu.

3. Fedha hutangulia, mwenyewe hufuata

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, wakimaanisha kwamba atakayezunguka chombo kizima mwisho wake hurudi pale pale. Methali hiyo inaeleza kuwa kurudi hakuepukiki, lakini haisemi anayerudi atakuta nini ngamani. Kwa mfanyakazi wa ndani swali hilo ni zito, kwa sababu mshahara wake humtangulia nyumbani. Kwa muda wote wa mkataba, ambao mara nyingi huwa wa miaka 2, fedha hupokelewa na mume, kaka au mama, zikalipa karo, matibabu na madeni, na zinazobaki huenda zikajenga nyumba juu ya kiwanja cha ukoo au cha mume. Anaporudi hukuta nyumba ipo, lakini jina lake halipo katika hati.

Sheria haikumwacha mikono mitupu. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za Tanzania Bara, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ikiwa kazi ya nyumbani isiyo na ujira imetambuliwa kuwa mchango, ni dhahiri kwamba kazi ya nyumbani yenye ujira, iliyofanywa ng'ambo na kuthibitishwa kwa risiti za kutuma fedha, haiwezi kuhesabiwa kuwa zawadi kwa familia. Pengo lililopo ni la ushahidi na ujasiri: wanawake wengi hawatunzi risiti, na wengine huona kudai ni kuvunja undugu.

4. Kikundi kama shule ya maamuzi

Hapa ndipo kikundi cha kuweka na kukopa kinapokuwa na maana kubwa kuliko akiba yenyewe. Mfumo huu, ambao Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la VICOBA, una asili yake katika vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na hutofautiana na upatu, ambamo michango ya wote hukabidhiwa mwanachama mmoja kwa zamu, kwa kuwa hapa wanachama hununua hisa, hukopeshana kwa riba waliyokubaliana na hugawana faida mwishoni mwa mzunguko. Katika vikundi vingi sanduku huwa na kufuli 3, na kila ufunguo hushikwa na mwanachama tofauti, hivyo sanduku halifunguliwi ila mbele ya kikao. Kwa mwanamke ambaye kwa miaka fedha zake ziliamuliwa na wengine, kushika ufunguo, kuhesabu mbele ya wenzake na kupiga kura juu ya mkopo ni mazoezi ya mamlaka aliyoyakosa.

Kikundi humsaidia pia yule aliyerudi bila kitu, kwa sababu mshahara haukulipwa au afya iliharibika. Aibu ya kurudi mikono mitupu humfanya anyamaze, na ukimya huo humnufaisha wakala aliyemdanganya. Lakini anapokuta wenzake walipitia hayo hayo, aibu hupungua, na mfuko wa jamii wa kikundi, ambao hutengwa kwa ajili ya ugonjwa na misiba, humpa pa kuanzia. Waliorudi na ujuzi wa mapishi, kutunza wazee au lugha ya Kiarabu hupata humo mtaji wa kuufanya ujuzi huo biashara.

5. Kutoka mhanga hadi mshauri

Faida kwa jamii nzima huonekana zaidi katika ushauri. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani Watanzania nchini Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu ilieleza pasipoti kuchukuliwa, saa nyingi za kazi na mishahara kuzuiwa. Ripoti kama hiyo haimfikii msichana wa kijijini, lakini mrejeaji humfikia, na neno lake lina uzito kwa kuwa ameyaona. Yeye ndiye anayejua kumwambia binti asisaini mkataba asioweza kuusoma, aache nakala nyumbani na ahakikishe wakala ana leseni. Maneno hayo yanalingana na Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011, unaotaka mfanyakazi wa ndani anayeajiriwa nchi nyingine apate mkataba wa maandishi kabla ya kuvuka mpaka na aweze kubaki na hati zake za kusafiria.

6. Mapendekezo

Kwanza, halmashauri za Tanzania Bara, ambazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, zivitambue wazi vikundi vya warejeaji. Pili, mafunzo ya kabla ya safari yafundishwe na warejeaji wenyewe kwa malipo, na yajumuishe utunzaji wa risiti na uandikishaji wa mali. Tatu, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, iwapime na kuwapa vyeti kwa ujuzi walioupata kazini. Nne, CHODAWU kwa Tanzania na KUDHEIHA kwa Kenya, ambavyo ni vyama vya wafanyakazi vinavyowahusu watumishi wa nyumbani, viwape warejeaji nafasi za uongozi badala ya kuwaita kutoa ushuhuda tu.

7. Hitimisho

Kikundi hakichukui nafasi ya serikali, na si haki kumtwika mwanamke aliyeumizwa wajibu wa kuirekebisha biashara iliyomuumiza. Hata hivyo, mipango inayowahusu warejeaji hupangwa mara nyingi bila wao kuwepo, na kosa hilo linaweza kusahihishwa bila kusubiri bajeti. Washiriki wa semina hii wanaombwa, kila mmoja katika ofisi yake, kuhakikisha kwamba kikao kijacho kuhusu wanawake hao kina mwanamke aliyerejea mwenye kura, si mgeni mwalikwa.