UZI: Apu ya vijana, simu ya mama

Wapenzi wa siasa, haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana wa wadi yetu. Wengi mliomba, kwa hivyo nimeyaandika karibu vile nilivyoyatamka. Sitaji chama wala mgombea. Ukiona mtu wako anafanana na ninayemsema, hiyo ni yako na yeye.

Nimeambiwa niseme kuhusu teknolojia na afya ya uzazi ya vijana. Kila kampeni mada hii inarudi, na kila mara ni kelele mbili. Mmoja anapanda jukwaani anasema ataleta apu na mimba za utotoni zitaisha. Mwingine anapanda anasema hiyo apu ni ya kufundisha watoto uasherati. Halafu sisi huku mtandaoni tunagawanyika kama mashabiki wa mpira. Hebu tuwaache hao wawili kidogo, tuangalie kitu chenyewe.

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022 ulipata kwamba kati ya kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Huo ni wastani wa nchi. Samburu ni 50 kwa 100. Nyeri na Nyandarua ni 5. Kwa hivyo mtu akikuambia ana dawa moja ya "vijana wa Kenya", mwulize ni vijana wa wapi. Simu yenye intaneti pale Nyeri mjini na kabambe inayochajiwa dukani kule Baragoi si kitu kimoja.

Na hata hiyo simu, ni ya nani? Mtoto hana kitambulisho, laini yake inasajiliwa na mzazi. Nyumba nyingi hata hana laini, anaazima simu ya mama. Sasa mfumo unatuma SMS saa mbili usiku: "Kumbuka tarehe yako ya sindano ya kupanga uzazi." Nani anaisoma? Kuna msichana atachapwa usiku huo kwa sababu ya kitu kilichoundwa kumsaidia. Anayejua kazi hii hatumi ujumbe wa aina hiyo. Anamwacha kijana aanze mazungumzo mwenyewe, na akituma ukumbusho hautaji huduma. Ile huduma ya kupiga nyota na alama ya reli watu wanaidharau ati ni ya zamani, lakini inafanya kazi kwenye mulika mwizi, haihitaji bando, na mazungumzo hayabaki kwenye kisanduku cha ujumbe. Mwanasiasa anapenda apu kwa sababu apu ina uzinduzi, ina picha.

Wacha niwape mfano mmoja ambao mimi naona ndio kipimo. Msichana wa miaka 15 amebakwa Ijumaa jioni. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Hesabu: Ijumaa jioni hadi Jumatatu jioni, zimeisha. Za kuzuia mimba zina nafasi hadi siku 5, na pia mapema ndiyo bora. Zahanati ya kijijini imefungwa Jumamosi na Jumapili. Yeye anaogopa, hajui aanzie wapi, na aliyemdhulumu pengine ni mtu wa nyumbani. Jumatatu anaenda shule kama kawaida.

Hapo teknolojia ina kazi ya kweli. Akiandika au akipiga saa nane za usiku, apate mtu, si roboti peke yake, wa kumwambia: hospitali fulani iko wazi sasa hivi, usioge kwanza, beba nguo ulizovaa kwenye mfuko wa karatasi, matibabu ni bure katika hospitali ya umma, hiyo ni Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Laini za bure tayari ziko: 116 ya watoto, 1195 ya dhuluma za kijinsia. Lakini sasa fuata mbele. Amefika hospitali, je, dawa zipo? Kuna anayejua kujaza fomu ya ushahidi? Kama hakuna, ile simu imemsafirisha kilomita 30 kwenda kwa mlango mtupu.

Suala la wazazi. Najua hapa ndipo ukumbi hugawanyika, na sitacheka mzazi yeyote. Simu hiyo hiyo ndiyo watu wazima wabaya wanaitumia kuwatafuta watoto, kwa hivyo hofu yake si ujinga. Mtoto wa 12 na kijana wa 19 hawafai kupewa majibu sawa. Lakini mtu asikudanganye ati sheria imefunga mlango kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, halafu inatoa nafasi kwa wanaotoa ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto pekee. Ile ya VVU ya 2006 inataka idhini ya mzazi kumpima aliye chini ya 18, lakini mjamzito, mzazi, aliyeolewa au aliye kwenye hatari ya kuambukizwa anaweza kuidhinisha mwenyewe. Anayepiga kelele jukwaani mara nyingi hajasoma hata moja.

Na taarifa zenyewe zinakaa wapi? Msiseme ni jambo dogo. Mwaka 2015 serikali iliagiza ikusanywe orodha ya watoto wa shule wanaoishi na VVU. Watu wakaenda kortini, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile linakiuka katiba. Kijana akishuku kwamba jina lake litasomwa na chifu, hatarudi, hata apu iwe tamu namna gani.

Pesa nitaipitia haraka. Miradi mingi ya aina hii ililipwa na wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, mingine ilisimama wiki hiyo hiyo. Waliozoea kupata msaada hapo hawakuambiwa waende wapi.

Chini ya katiba, zahanati na hospitali nyingi ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo swali hili si la rais, ni la gavana na la MCA wako. Makadirio ya bajeti yanapaswa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na baadaye kunakuwa na vikao vya maoni ya umma. Kwa kawaida ni siku ya kazi, asubuhi, na viti vya mbele vimejaa wazee. Nendeni. Msiulize kama anaunga mkono apu. Ulizeni: wikendi hii, dawa za saa 72 zinapatikana wapi katika kaunti yetu, na nani analipwa kupokea simu usiku?