Ngala Hakuwa Kibaraka: Uchaguzi wa 1961 na Serikali za Mseto



Ipo hoja inayorudiwa madarasani mwetu hadi imekuwa kama sala: kwamba Ronald Ngala, mwana wa Kigiriama, aliiuza nchi alipokubali kuunda serikali mwaka 1961. Leo nimekuja kuipinga.

Ya msingi mnayajua. Katika uchaguzi wa Februari 1961 chama cha KANU kilipata viti 19, na KADU ya Ngala 11. KANU ikasusa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta, aliyekuwa kizuizini, aachiliwe. Gavana Patrick Renison akamgeukia Ngala, naye akaungana na chama cha setla Michael Blundell. Hesabu bado haikutimia, gavana akaongeza wajumbe wa kuteuliwa.

Hapo wanaonipinga hushangilia. Nakubali, bila kalamu ya gavana serikali ile isingesimama. Lakini itazameni kalenda. Serikali iliundwa Aprili. Kufikia Agosti mwaka uleule, Kenyatta alikuwa huru. Wanajibu kwamba aliyemwachilia ni Renison, si Ngala. Basi tuwe na mizani moja: kila jema la miezi ile tukimpa gavana, kwa nini kila baya tumtwike Ngala? Na Aprili 1962, baada ya mkutano wa katiba wa Lancaster House, KANU hiyohiyo iliingia katika serikali ya mseto na Ngala huyohuyo, chini ya gavana huyohuyo. Kenyatta na Ngala wakawa mawaziri wa nchi, wote wawili wakishughulikia katiba. Ikiwa kukaa kwenye meza ile ni usaliti, wasaliti walikuwa wengi.

Wanasema pia majimbo, yaani mpango wa KADU wa kugawa madaraka kwa mikoa, yalikuwa njama ya masetla. Masetla waliyataka, ni kweli, kwa sababu zao. Ila sisi tulikuwa na zetu. Kwetu hapa Junju kumo ndani ya ukanda wa pwani wa maili kumi, ambako sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi, Wagiriama miongoni mwao, kuwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Nikiwa mwanafunzi, mzee mmoja wa hapa alinionyesha mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake. Akaniambia miti ni yake, ardhi si yake. Mtu huyo alihitaji kufundishwa na setla kwamba mambo ya ardhi yaamuliwe karibu na nyumbani?

Sasa kitabu ninachokipenda. Mwaka 1949, KADU haijawazwa, mwalimu Ngala alichapisha *Nchi na Desturi za Wagiriama*. Kitabu chembamba, cha Kiswahili, na wasomi wa siasa wanakipita kana kwamba ni cha watoto. Tazameni jina lake tu: nchi, kisha desturi, vimewekwa pamoja. Miaka 11 kabla ya chama chake kuzaliwa, alikuwa akiueleza utaratibu wa watu wake kama jambo linalostahili kuandikwa na kusomwa.

Hati inayounganisha kitabu hicho moja kwa moja na meza ya Lancaster sijaileta. Hata hivyo nashikilia kwamba majimbo ya Ngala yalianzia kwenye baraza la wazee wa kaya, yale makao ya kale ya Wamijikenda, na anayefundisha uchaguzi wa 1961 aanze na kitabu hicho kabla ya kufungua barua za Renison.