Nani Aamue Mtaa Upate Nini Kwanza?



Nimeombwa nieleze ni nani mwenye mamlaka ya kuamua mtaa upate nini kwanza: maji, njia, choo au taa. Zamani utaratibu tuliujua. Chifu aliitisha baraza, tukaketi juani, tukaelezwa yaliyokwisha kuamuliwa, tukapiga makofi na kwenda zetu. Katiba ya mwaka 2010 iliuondolea uhalali utaratibu huo. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na cha 174 kinatambua haki ya jamii kusimamia mambo yake yenyewe.

Wapo wasemao kuwa hayo ni maneno ya karatasini. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Hata hivyo, mahakama hubatilisha tu. Haiwezi kuwapangia mtaa wenu. Kazi hiyo ni yenu.

Tazameni Mukuru, Nairobi. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa. Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa mwaka 1996 katika harakati za kupinga ubomoaji, ulikuwa umekwisha kutayarisha njia pamoja na vyuo vikuu na mashirika. Utafiti wao ulionyesha kwamba maskini wa Mukuru alinunua maji kwa bei iliyopita ile ya mwenye bomba katika mitaa ya wenye nacho. Nyumba ziliunganishwa katika vikundi vidogo vidogo, kila kikundi kikatoa mwakilishi wake. Wataalamu walipoleta viwango vya kawaida vya upana wa barabara, ilionekana wazi kwamba nyumba nyingi mno zingevunjwa. Ikabidi viwango hivyo vijadiliwe upya. Huko ndiko kushirikishwa: mwananchi anasema, na ramani inabadilika.

Lakini tusifichane. Mwishoni mwa mwaka 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kutafuta nafasi ya barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu binafsi zamani, na mpango, hata uwe mzuri namna gani, si hatimiliki. Kwa hiyo kabla hamjaandika orodha ya mahitaji, ulizeni ardhi ni ya nani. Mawakili tutakaoombwa kusaidia tuanzie hapo, ingawa ni kazi ya kuchosha na haina makofi.

Sasa kuhusu makanisa. Mna ukumbi, mna daftari la majina, na watu wanawaamini. Toeni ukumbi, lakini mchungaji asiwe mwenyekiti, wala asiye mshirika asijione mgeni. Mikutano isiitishwe Jumanne saa sita mchana, wakati kibarua yuko kiwandani na mama mboga yuko sokoni. Mkutano wa namna hiyo huwa wa wenye nyumba peke yao, na mpangaji ndiye anayechota maji machafu.

Angalieni pia kalenda. Sheria yataka mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka ufike katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Anayekuja mwezi wa Juni kulilia bomba amechelewa. Mkinyimwa nakala, andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Afisa anapaswa kujibu katika muda usiozidi siku 21. Barua iwe na tarehe, nanyi mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Bila muhuri huo, sisi mawakili hatuna la kumwonyesha jaji.