Refa, Mieleka na Gongo: Nani Anatudanganya?



Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa kinyozi wangu pale Magomeni. Televisheni ilikuwa inaonyesha mieleka ya Wamarekani. Jitu moja lenye shingo kama ya fahali lilikuwa limemwinua mwenzake juu kabisa, likamzungusha, kisha likambwaga kwenye ulingo kama gunia la mkaa. Vijana waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Uongo mtupu huo! Wamekubaliana tangu chumbani." Mwingine akajibu kwamba hata mpira ni uongo, kwa kuwa marefa wananunuliwa, na kuna mchezo mmoja wa magongo huko huko Marekani ambao mabingwa wake walikuwa wanachoma sindano. Kisha wakanigeukia mimi. "Anko, wewe ndiye mtangazaji. Kati ya hao watatu, nani anatudanganya zaidi?"

Nilikuwa na wembe shingoni, nikapata kisingizio cha kukaa kimya. Lakini swali lile nimetembea nalo juma zima, na leo nitalijibu. Sababu ya kulijibu hapa redioni, wala si pale pale kwenye kiti, mtaielewa mbele ya safari.

Nianze na wacheza mieleka, maana hao kesi yao ni nyepesi. Wale wa rika langu mnakumbuka vibanda vya video vya miaka ya tisini. Unalipa kiingilio chako, unabanana kwenye benchi, kanda inakwaruza, na Hulk Hogan anachana fulana yake. Tuliamini kila ngumi. Rafiki yangu mmoja alilia machozi kabisa siku Undertaker alipofungiwa ndani ya jeneza. Hatukujua kwamba mwaka 1989, tukiwa bado tunavaa kaptula za shule, wenye kampuni ile walikuwa wamekwenda wenyewe mbele ya baraza la seneti la jimbo la New Jersey na kukiri kwamba ile ni burudani, mshindi anajulikana kabla ya kengele kulia. Hawakukiri kwa uchaji Mungu, la hasha. Walitaka waondolewe masharti na tozo zilizowekwa kwa michezo ya kupigana. Hata hivyo walisema.

Sasa mtu aliyekwambia mwenyewe kwamba anaigiza, utamshtaki kwa kosa gani? Na maigizo yale yana mifupa ndani yake. Mwezi Juni 1998, mjini Pittsburgh, Mick Foley alitupwa kutoka juu ya kizimba cha chuma, kama mita tano hivi, akaangukia meza ya watangazaji. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Mei 1999, Owen Hart alikuwa anateremshwa kwa kamba kutoka darini mwa ukumbi mjini Kansas City. Ndoana ikafyatuka, akaanguka zaidi ya mita ishirini, akafa. Na onyesho likaendelea. Hilo la onyesho kuendelea ndilo ninalowalaumu, siyo ule mchezo wa kupangwa.

Tuje kwa wenye magongo. Mchezo wenyewe unaitwa besiboli, na kwetu hapa wanaoufuatilia ni wachache, kwa hiyo niueleze kidogo. Mmoja anarusha mpira, mwingine anasimama na gongo kuupiga. Akiupiga ukatoka nje ya uzio na kuangukia jukwaani, anazunguka vituo vyote bila bughudha, na uwanja mzima unasimama. Mwaka 1961 mtu mmoja, Roger Maris, alipiga mipigo ya namna hiyo 61 katika msimu mmoja, na rekodi hiyo ikakaa miaka 37. Mwaka 1998 wakatokea wawili kwa mpigo: Mark McGwire wa St. Louis na Sammy Sosa wa Chicago, kijana aliyetoka katika umaskini wa Jamhuri ya Dominika. McGwire alimaliza na 70, Sosa na 66. Usiku ule McGwire alipovunja rekodi, Sosa alikuwa uwanjani na timu pinzani, akaja kumkumbatia. Hata sisi tuliokuwa huku, tusiojua kituo cha kwanza wala cha pili, picha ile kwenye gazeti ilitugusa.

Tarehe 17 Machi 2005 wote wawili waliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuulizwa habari za dawa za kututumua misuli. McGwire akasema hakuja pale kuzungumzia mambo ya zamani. Sosa akakana. Mwenzao Rafael Palmeiro akawanyooshea wabunge kidole na kusema hajatumia kamwe. Kabla mwaka haujaisha vipimo vikamwonyesha anazo, akafungiwa. McGwire alikaa hadi Januari 2010 ndipo akakiri. Sosa, ambaye tayari mwaka 2003 gongo lake lilikuwa limepasuka mbele ya watu na kukutwa na kizibo ndani, aliandika barua mwishoni mwa 2024 akiomba radhi kwa makosa yake, bila kuyataja makosa yenyewe ni yapi. Mimi barua ya namna hiyo siipokei. Mtu akivunja sufuria yako akaja kukwambia "samahani kwa yaliyotokea", utajuaje kama anazungumzia sufuria?

Kwa hiyo vijana wa Magomeni, kama mnanisikiliza, hao ndio waliotudanganya. Walituuzia nguvu za sindano kwa bei ya nguvu za mazoezi.

Sasa refa. Hapa ndipo penye kazi.

Hakuna Jumapili inayopita bila mtu kuniambia refa kanunuliwa. Watani wa jadi wakikutana, aliyefungwa anakuwa amefungwa na refa. Sisemi marefa wote ni malaika. Ujerumani, mwaka 2005, mwamuzi Robert Hoyzer alikiri kuuza mechi kwa watu wa kamari, akahukumiwa kifungo. Hapa jirani, mwaka 2018, mshika kibendera kutoka Kenya aliyekuwa amechaguliwa kwenda Kombe la Dunia kule Urusi alionekana kwenye video akipokea dola 600. Safari ikaishia hapo. Wapo, basi. Lakini kuna refa aliyekula na kuna refa ambaye hakuona, na sisi mashabiki tumewaweka wote kwenye kapu moja.

Chukueni mfano wa Ali Bin Nasser wa Tunisia. Tarehe 22 Juni 1986, uwanja wa Azteca, Mexico, Argentina na Uingereza. Maradona akaruka na kipa, akaunawa mpira ukaingia wavuni. Bin Nasser amesema mara nyingi kwamba yeye mwenyewe hakuuona ule mkono, akamtazama mshika kibendera wake, Bogdan Dochev wa Bulgaria, akamwona anarudi kati, naye akaweka goli. Ulimwengu mzima ukamcheka Mwafrika asiyejua kuchezesha. Watu wanasahau kwamba dakika nne baadaye, Maradona alipowapita Waingereza mmoja baada ya mwingine, ni refa huyo huyo aliyeacha kipyenga mfukoni japo walikuwa wanajaribu kumwangusha njiani. Angepuliza, goli linalosifiwa kuliko yote tusingelipata. Mwaka 2015 Maradona alimfuata hadi nyumbani kwake Tunis, akampa jezi na kumwita rafiki yake wa milele. Aliyenawa ndiye aliyependwa. Asiyeona ndiye aliyebeba lawama.

Lakini mwamuzi aliyenikosesha usingizi ni mwingine, na tunarudi tena kwenye besiboli. Kijana mmoja hapa studio alinionyesha mkanda wake kwenye simu. Detroit, tarehe 2 Juni 2010. Mrushaji wa Detroit, Armando Galarraga, Mvenezuela, alikuwa amewaondoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Akimwondoa wa 27, anakuwa ametimiza jambo ambalo katika historia yote ya ligi kuu za Marekani lilikuwa limetimizwa mara 20 tu. Wa 27 akapiga, mpira ukadakwa, ukarushwa kituoni, Galarraga akakanyaga kituo kabla ya mkimbiaji. Kila mtu aliona. Mwamuzi Jim Joyce, aliyekuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 20, akanyoosha mikono: mkimbiaji amefika.

Galarraga akatabasamu. Nimeurudia mkanda ule mara nyingi nikitafuta hasira usoni mwake, sijaiona. Akarudi kurusha, akamwondoa wa 28, mechi ikaisha. Joyce akaingia chumbani, akaomba aonyeshwe marudio. Akaona. Hakusubiri kamati wala tume. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba amemnyang'anya kijana yule mechi yake, akamwendea Galarraga, akamwomba radhi huku analia. Kesho yake timu zilikutana tena, na mwamuzi mkuu alikuwa huyo huyo Joyce. Detroit wakampa Galarraga karatasi ya majina ya wachezaji ampelekee. Mwamuzi akaipokea huku anafuta machozi, uwanja ukapiga makofi. Wakubwa wa ligi walikataa kuubadili uamuzi. Hadi leo kwenye vitabu mechi ile imeandikwa kama alivyoiamua Joyce, ingawa Joyce mwenyewe anasema siyo.

Kwa nini ikaninyima usingizi? Kwa sababu ya mwaka 2004.

Nilikuwa na miaka 25, ndiyo kwanza nimepata diploma yangu ya uandishi wa habari, nafanya kazi katika kituo kimoja cha redio ambacho sitakitaja. Nilitumwa mji mmoja wa mkoani kutangaza mechi ya ligi ya mkoa. Dakika ya 88, mambo ni suluhu, refa akapuliza penalti dhidi ya timu ya nyumbani. Wakafungwa. Uwanja ukawaka moto. Mimi nilikuwa upande wa magharibi, nikaona mpira umempiga beki kifuani, basi. Jioni ile kwenye taarifa ya michezo nilisema, kwa sauti hii hii mnayoisikia, kwamba mwamuzi alikuwa amekwisha kula mlungula. Nilimtaja jina. Sikuwa na ushahidi hata wa thumni. Nilikuwa na kipaza sauti.

Wiki mbili baadaye mpiga video wa harusi, aliyekuwa amekaa upande wa pili siku ile, aliniita kwenye kibanda chake akaniwekea kanda. Beki aliunawa. Mkono umetoka kabisa, kiwiko juu, mchana kweupe. Niliporudi kwa mhariri kumwambia, akanijibu kwamba habari ya wiki mbili ni maandazi ya juzi. Ningeweza kusisitiza. Sikusisitiza. Nilishukuru moyoni kwamba ametoa jibu lile.

Refa yule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jumatatu ile alikuta ubaoni wanafunzi wameandika: "Mwalimu, bei gani?" Alichezesha mechi mbili tu baada ya hapo, akarudisha kipyenga chama cha mkoa.

Haya niliyajua mwezi uliopita tu, nilipokwenda mji ule kwa ajili ya msiba, nikamtafuta. Amestaafu, anafuga kuku. Nilibisha hodi, nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaendelea kuchanganya chakula cha kuku bila kuinua kichwa, akasema, "Sauti hiyo naijua."

Nikamweleza kila kitu: kanda, mhariri, na miaka yote niliyokaa kimya. Akaniuliza swali moja. "Siku ile ulikuwa umekaa upande gani?"

"Magharibi, mwalimu."

"Basi ulimwona beki mgongo wa mkono," akasema. "Mimi nilikuwa mbele yake."

Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, na nikataka kumwandikia barua ya kutunza. Akacheka, siyo kwa ubaya. "Mimi sikutukanwa kwa barua, mwanangu. Nilitukanwa redioni."

Mke wake akaleta chai. Tuliongea habari za kuku, bei ya pumba na mdondo. Kuhusu lile jambo hatukurudia tena.

Jina lake sitalitaja leo, kwa kuwa ameomba nisilitaje. Amesema wa mji ule watamjua, na hao ndio anaowataka. Kwa hiyo nawaambia wao, na wale waliokuwa wanafunzi wake, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto: mwamuzi hakula kitu cha mtu. Beki aliunawa. Nilisema uongo katika taarifa ya jioni. Ile ilikuwa penalti.

Mpaka juma lijalo, saa kama hizi, kwaherini.