Uwanja na Darasa: Hotuba kwa Wanafunzi wa Vyuo Wanaochezea Klabu



Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mwanafunzi wa chuo anayechezea klabu ameshika mbili, na kila moja ina mwenyewe. Katiba ya 2010 iliweka michezo na viwanja vya mashinani chini ya kaunti, na vyuo vikuu chini ya serikali ya kitaifa. Ratiba ya ligi haimwulizi mhadhiri, wala ratiba ya mitihani haimwulizi kocha. Anayeziona zote mbili ni mwanafunzi peke yake.

Hata hivyo, wapo walioweza. Mean Machine, timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilitwaa Kombe la Kenya mwaka wa 1977 ikiwa na wachezaji wanafunzi. Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, alisomea kemia hadi chuo kikuu. Mwaka wa 2021 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Wengi wanaokwama hawakwami kwa uvivu. Wanakwama kwa hesabu. Katika vyuo vikuu vingi nchini, majaribio ya muhula hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho alama 70. Mchezaji anayesafiri kwa mechi ya ugenini siku ya majaribio, bila kumwarifu mtu, hupata sufuri. Ikiwa alama ya kupita ni 40, sasa anahitaji 40 kati ya 70 ili apite tu. Akianguka, anangoja mtihani wa marudio, na kwa kawaida hata akifanya vizuri vipi hapewi zaidi ya alama ya kupita. Somo moja linaweza kumchelewesha kuhitimu mwaka mzima. Karo ya mwaka huo hutoka kwa mzazi yule yule aliyeuza ng'ombe, na mkopo wa HELB hulipwa hata na asiyemaliza masomo.

Dawa yake inaanza wiki ya kwanza ya muhula. Mwanafunzi achukue karatasi moja, aandike tarehe za mechi na tarehe za majaribio na mitihani, kisha atie alama panapogongana. Karatasi hiyo aipeleke kwa kocha na kwa mhadhiri mapema, kwa sababu ombi la kabla ya mechi husikilizwa, na la baada ya mechi huonekana kisingizio. Ajue pia kanuni za chuo chake. Ugonjwa au kuliwakilisha taifa ni sababu zinazoweza kumpatia mtihani maalumu, lakini mechi ya klabu huenda isikubaliwe. Zikigongana na hakuna ruhusa, aende darasani. Mechi ina mchezaji wa akiba, mtihani hauna.

Makocha nao wana sehemu yao. Kocha aulize ratiba ya mitihani kabla ya kupanga kikosi, na asimwadhibu mchezaji kwa kwenda kufanya mtihani. Klabu iseme mapema nani atalipa hospitali mchezaji akivunjika mguu, kwa maana goti likiharibika, kitakachobaki ni cheti.

Wazazi wasikimbilie kukataza. Kijana anayekatazwa hucheza kwa siri, na matatizo yake hujulikana matokeo yakishatoka. Afadhali mzazi aombe kuiona ile karatasi ya tarehe, na amwulize mwanawe kila mwezi kuhusu mazoezi na masomo kwa pamoja.

Muhula ukifunguliwa, kila mwanafunzi mchezaji aanze na karatasi hiyo kabla hajavaa jezi.