Ahadi Tunazoziimbia: Hotuba ya Katibu katika Jubilei ya Miaka 25 ya Kwaya





Kwa miaka 25 kwaya hii imeimba kwenye harusi nyingi, na mara kadhaa tumesafiri kuwasindikiza mabinti wa parokia yetu wakiweka nadhiri. Maneno ya ahadi tumeyasikia kuliko Wakristo wengi. Ndiyo maana kamati ilitaka tuseme machache juu yake.

Sista hawi sista kwa siku moja. Hupitia unovisi, ambao kwa sheria ya Kanisa haupungui miezi 12. Kisha huweka nadhiri za muda za useja, ufukara na utii, na baada ya miaka isiyopungua mitatu ndipo huweka za daima. Kanisa halina haraka, kwa kuwa nadhiri hutolewa kwa Mungu mwenyewe, tena kwa hiari. Mwenyeheri Irene Stefani, ambaye watu wa Nyeri walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma, aliweka nadhiri zake Italia mwaka 1914 akiwa na miaka 22. Hakujua kwamba zingemfikisha katika hospitali za wapagazi wa vita huko Voi, Kilwa na Dar es Salaam, wala kwamba mwaka 1930 angefia Gikondi kwa tauni baada ya kumuuguza mgonjwa. Alisema ndiyo kwanza. Mengine yalimfuata siku kwa siku.

Ndoa nayo ni hivyo hivyo, na hapa tunaomba tukae kidogo.

Katika kambi za majani chai, na hata huku vijijini, wapo wengi waliofanya koito, wakapata watoto, wakavumiliana miaka kumi au ishirini, lakini wakati wa Komunyo wanabaki kwenye viti. Wengine wanaimba nasi. Hatuwasemi kwa ubaya. Ni ndugu zetu. Ukiwauliza, hawasemi kwamba hawapendani. Wanasema pesa haijapatikana: ya gauni, ya hema, ya magari, ya keki, ya ng'ombe wa kuchinja. Na tangu mashine za kuchuma chai ziingie mashambani na vibarua kupungua, pesa hiyo imezidi kuwa mbali.

Jamani, keki si sakramenti! Wanaopeana sakramenti hii ni bwana na bibi arusi wenyewe. Wanahitaji kuwa huru, wapate mafundisho, watangazwe kanisani, kisha waseme ahadi zao mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Wazee wa Kipsigis walipowafunga maarusi majani ya segutiet mikononi, hawakuyanunua dukani.

Wengine wanaogopa: je, tukishindwa baadaye? Ni swali la haki. Lakini sisi ni watu wa chai. Mchai ukikatwa chini hukaa miezi bila kutoa hata kilo moja, na hatujaona mkulima akiung'oa kwa sababu hiyo. Waulizeni Masista wetu kama wao hawana miezi ya namna hiyo. Watacheka kwanza, halafu watawajibu.

Basi kamati imeamua hivi, na Baba Paroko ameridhia. Wawili wowote wa parokia hii watakaotaka kufunga ndoa, kwaya itawaimbia bure, hata ikiwa ni Misa ya Jumamosi asubuhi na wageni ni mashahidi wawili tu. Sare tunazo, kinanda kipo, na akina mama Wakatoliki wameahidi chai na maandazi. Majina apewe katekista. Mafundisho yanaanza Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Wanakwaya nanyi mnakaribishwa, na sauti ya besi tunawatazama ninyi hasa.