Liste moja kwa watoto wote

Maneno ya kikundi cha uwandani mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka, kabla ya kuandikisha vijana kwa ligi ya mpira ya kartie

Tumeombwa kueleza namna vijana wataandikwa kwa ligi ya mpira. Mtu anaweza kusema ni jambo dogo: meza, kalamu, daftari, mtoto anataja jina lake, kwisha. Lakini sisi tunaotembea kartie kwa kartie tunajua kama hapa kwetu liste haijawahi kuwa jambo dogo.

Hebu tukumbuke liste ambazo majina yetu yamepitia. Waliovuka ziwa mwaka 1996 kwenda Kigoma waliandikwa. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huo huo kule Kasulu, bila jina kwenye karatasi ya rashoni hakukuwa na unga wala maharagi. Mwaka 2005, HCR ilipoanza kusaidia watu kurudi Kivu ya Kusini kwa meli, ikawa liste tena: jina lako lisiposomwa, meli inaondoka bila wewe. Ukashuka hapa Baraka, liste ya mashiti, liste ya sufuria, liste ya mbegu. Na wale waliobaki hapa wakati wote wa vita, wao wanakumbuka liste kwa upande mwingine: walisimama pembeni wakaambiwa, "Hii ni ya waliorudi, ninyi mwende nyumbani." Liste ilisaidia wengi, hatukatai. Lakini pia ilipita katikati ya majirani kama wembe.

Ndiyo maana, kila parseli tunayoingia, swali la kwanza la mzazi ni hili: "Sasa hiyo liste ya mpira, wanapewa nini?" Tunajibu waziwazi, ili mtu asidanganyike: hawapewi kitu cha kupeleka nyumbani. Jezi ni mali ya ekipi, itavaliwa siku ya mechi, itafuliwa, itarudishwa. Hakuna sabuni, hakuna minervale, hakuna pesa ya usafiri. Mtoto anapewa kucheza. Na kucheza si zawadi ya mtu: Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1990, unasema hivyo katika kifungu cha 31.

Tuje sasa kwenye jambo lililoleta kelele. Baadhi yenu mmetuambia: "Chama hiki ni cha waliorudi. Tufanye ekipi yetu, tuipe jina letu, tucheze na wao." Tunaelewa neno hilo linatoka wapi. Watoto wenu wanachekwa shuleni juu ya Kiswahili chao cha Tanzania. Wengine hawajui Kibembe vizuri, wakisalimiwa na mzee wanababaika. Mzazi anataka mtoto awe mahali ambapo hachekwi.

Lakini tutazame itakavyokuwa siku ya mechi. Upande huu "wa kambi", upande ule "wenyeji". Goli likiingia, halitakuwa goli la mtoto wa fulani, litakuwa goli la waliorudi. Mwamuzi akikosea, mtu atakumbuka shamba la baba yake alilolikuta linalimwa na mwingine. Ugomvi wa parseli tunao wa kutosha, tunakwenda nao kwa wazee na kwa tribinali. Tusiulete kiwanjani tukawabebesha watoto wa miaka kumi na miwili.

Kwa hiyo pendekezo letu ni liste moja. Watoto wote wa kartie wanaandikwa kwenye daftari moja, kwa kufuatana na namna walivyofika mezani. Kisha ekipi zinapangwa kwa kura, mbele ya wazazi. Aliyezaliwa Nyarugusu na aliyezaliwa hapa watapeana pasi, kwa sababu bila pasi wote wawili watafungwa. Mtoto aliyezoea kucheka Kiswahili cha mwenzake ataanza kukihitaji: "Nipe! Rudisha! Nyuma yako!" Maneno hayo Kiswahili chochote kinayabeba.

Mtauliza, je, pesa ya chama itumike kwa watoto wa waliobaki? Tunasema ndiyo, bila aibu. Waliobaki ndio waliochunga makaburi ya wazazi wetu. Wengi waliwapokea waliorudi katika nyumba zao kabla ya matofali kupatikana. Na zaidi ya hapo, kijana asiye na shule wala kazi anafuatwa kwanza na watu wa bunduki, na hao hawamwulizi kama alirudi au alibaki.

Jambo la pili ni makaratasi. Ligi ya vijana inaenda kwa umri, kwa hiyo lazima tujue mwaka wa kuzaliwa. Hapo wazazi wengi wananyamaza. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto aliyezaliwa. Siku hizo zikipita, inabidi kupitia tribinali. Mama aliyejifungua njiani au kambini angezipata wapi siku 90 hizo mbele ya biro ya Congo?

Basi, meza yetu haitamrudisha mtoto juu ya karatasi. Tutakubali cheti cha kuzaliwa cha hapa au cha Tanzania, karatasi ya kliniki ya kambi, kadi ya chanjo, bileti ya shule, au fomu ya kurudi kwa hiari ambapo majina ya familia yameandikwa. Asiye na lolote kati ya hayo aje na majirani wawili wanaomfahamu, wasiwe wa nyumba yake. Majina ya wote wasio na cheti tutayaweka kwenye daftari la pili, lenye kazi moja tu: kufuatilia vyeti vyao, mmoja mmoja.

Wengine wataogopa udanganyifu, kwamba kijana mwenye ndevu atasema ana miaka kumi na minne. Udanganyifu huo si wa kwetu peke yetu. FIFA yenyewe, mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule Nigeria, ilianza kupima mifupa ya kiganja kwa mashine. Sisi mashine hatuna. Tuna majirani, walimu, na mama wanaojua nani alizaliwa mvua gani. Liste itasomwa kwa sauti mbele ya wote, majina na miaka tu, na mwenye neno atalisema palepale.

Kuna mchezaji ambaye vijana wote wanamjua, Eduardo Camavinga. Alizaliwa mwaka 2002 nchini Angola, kambini, wazazi wake ni Wakongomani. Familia ilipohamia Ufaransa aliandikwa katika klabu ndogo ya mji wa Fougères, pamoja na watoto wa hapo. Uraia wa Ufaransa aliupata mwaka 2019 tu, na bila huo asingevaa jezi ya taifa lile mwaka uliofuata. Hatumtaji ili kila mzazi aanze kuota Real Madrid. Tunamtaja kwa sababu mbili: alianza kwa kuandikwa na wengine, na siku moja karatasi ilidaiwa. Mtoto wako hata asipokuwa mchezaji, ataidaiwa siku ya mtihani, siku ya kupiga kura, siku ya kuoa au kuolewa.

Jambo la tatu: nini kitaandikwa, na nini hakitaandikwa. Tutaandika jina, mwaka wa kuzaliwa, avenyu, jina la mzazi au mlezi na kidole au sahihi yake, na ugonjwa ambao kocha anapaswa kuujua, kama kifafa au pumu. Hatutaandika kabila. Hatutaandika kambi. Hatutapiga picha ya mtoto mezani. Daftari lenye majina ya vijana na mahali wanapolala ni kitu kizito katika eneo hili. Litafungiwa, funguo zikiwa kwa watu wawili, mmoja wao mama, na hakuna atakayelipiga picha kwa simu, hata awe nani.

Jambo la nne ni wasichana. Tukisema "vijana waje", watakuja wavulana. Kwa hiyo mezani atakaa mama, si wanaume peke yao, na wasichana wataandikwa kwenye daftari lilelile. Saa za mazoezi yao zitapangwa na mama zao, kwa sababu wao ndio wanaojua saa ya maji na saa ya sombe. Mama mmoja alituambia, "Mukimaliza mbele ya giza, miye sina neno." Basi tutamaliza mbele ya giza. Na kocha yeyote, wa wavulana au wa wasichana, hatabaki peke yake na mtoto.

Sasa neno kwa wafadhili wetu. Fomu zenu zina safu inayouliza: wangapi waliorudi, wangapi wenyeji? Tunajua mnaulizwa nanyi huko mlipo. Lakini safu hiyo ikifika mezani, mtoto atalazimika kujitangaza upande wake kabla hajagusa mpira. Tunaomba kwa heshima, kwa kazi hii mtuachie safu hiyo wazi. Badala yake tutawahesabia mambo matatu: watoto walioandikwa, wavulana na wasichana, wangapi bado wanacheza mwisho wa msimu, na wangapi kutoka daftari la pili wamepata cheti. Hesabu hizo zitawaambia kama pesa yenu imefanya kazi.

Wazazi, kilichobaki ni chenu. Mkikubali liste moja leo, meza itawekwa kando ya kiwanja, si mbele ya biro ya chama, ili asiye mwanachama asiogope kukaribia. Mtoto aje mwenyewe, na mtu mzima wake, na karatasi yoyote iliyoko ndani ya nyumba, hata iliyoloa. Kuandikwa ni bure. Anayetaka kuchangia alete jembe au panga, kiwanja kina majani mengi. Na jirani yako asiyejua kusoma tangazo, mpitie umwambie. Kama yeye ni wa waliobaki, mpitie wa kwanza.